Makofi ya Kilo Yaliyofika Johannesburg Kabla Yangu

Tangu nirudi, kila anayepita karakanani kwangu ananiuliza swali moja: Fundi Mloka, Tatu yuko wapi? Mnauliza kwa sababu niliondoka nikisema mbele yenu wote kwamba nakwenda Afrika Kusini kumchukua binti yangu na kwamba narudi naye. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nimeandika. Shule niliishia darasa la tatu, mnajua, lakini vitanda vyangu wamelalia wakuu wa wilaya na barua zangu naandika mwenyewe. Mwandiko ukiwashinda, njooni niwasomee.

Kwa mliohamia Kihonda juzi: Tatu aliolewa na Sipho, mmoja wa wale wakimbizi wa Afrika Kusini waliokuwa wakikaa Mazimbu wakati nchi yao inapiganiwa. Mimi sikumtaka yule kijana. Alikuwa anajua siasa, hajui kushika nyundo. Nchi yao ilipofunguka, mwaka 1991, wakaondoka wote wawili. Siku hiyo nilikuwa napiga randa mbao za mteja, sikwenda kumuaga. Tangu hapo nimemwona mara mbili. Sipho alikufa. Mwaka jana mama yake Tatu naye akafa, tukamzika siku hiyo hiyo, Tatu asingewahi. Wanangu wa kiume wako Dar es Salaam, wanapiga simu Idi kwa Idi. Nimebaki na nyumba ya vyumba sita, na sauti ninayoisikia humo ni ya friji. Nikasema, huyu mume hana tena, huko anafanya nini? Agosti hii ya 2017 nikapanda basi. Zawadi sikuchukua. Nilikuwa nakwenda kuchukua mtu.

Tunduma hadi Mpika

Morogoro mpaka Tunduma sina la kusema, njia hiyo mnaijua, makalio yanakufa ganzi kabla ya Makambako. Tunduma nikabadili basi. Jirani yangu wa kiti akawa Mrundi mmoja anaitwa Dezire, fundi cherehani, mwenye kibanda cha kushonea Yeoville, mtaa wa Johannesburg uliojaa Wakongo na watu wa huku kwetu. Alikuwa ametoka kwao kuzika. Mtu mpole, anakunja koti lake kama anakunja mtoto.

Basi likafa giaboksi Mpika, ndani ya Zambia. Dereva akasema saa moja tu. Tulikaa siku mbili. Abiria tulisambaa chini ya kivuli cha lori bovu, wanawake wa pale wakatuletea ugali wao, nshima, pamoja na dagaa wa kukaanga na majani ya maboga ya karanga. Chakula kizuri, sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni kukaa. Mimi mtu wa kazi, mikono ikikosa kazi kichwa kinaanza kunisumbua. Siku ya pili, watu wote wamelala kwa joto, nikajikuta naongea na marehemu mke wangu kwa sauti, namweleza habari ya lile giaboksi. Nikanyamaza haraka. Dezire alikuwa amefumbua jicho moja.

"Mzee wangu," akaniuliza, "kule unakwenda kwa nani?"

"Kwa binti yangu. Namrudisha nyumbani."

"Amesema anarudi?"

"Mimi ndiye nimesema."

Akacheka kidogo. "Wewe ni mtu wa amri. Sasa nikuambie kitu, usikasirike. Ukifika kule, barabarani usiongee Kiswahili kwa sauti. Ongea kidogo, tembea."

"Kwa nini? Nimeiba?"

"Hujaiba. Lakini ukifungua kinywa wanajua wewe ni mgeni. Miaka miwili iliyopita walinivunjia kibanda. Cherehani mbili walibeba, ya tatu waliibamiza barabarani. Kati yao nilimwona kijana niliyemshonea suti ya harusi, Mzee. Alikuwa ameivaa."

Nikamwambia pole. Halafu nikamwambia kwamba tangu nizaliwe sijanong'ona, na kwa umri huu sianzi. Hakubishana. Akageukia upande wa pili akafunika uso kwa koti.

Kuvuka Zimbabwe

Hapa nitakwenda haraka. Baada ya Harare aliingia mama mmoja mnene, akakaa kiti cha mbele yetu, akafungua kitambaa chake akala vitu vikavu, vyeusi, vinalia kinywani kama bisi. Akageuka akanipa kiganja kizima. Nikadhani ni aina ya karanga za kwao. Nikatupia vyote mdomoni, nikatikisa kichwa kumwonyesha ni vitamu sana. Dezire akaninong'oneza: "Mzee, ni viwavi." Nilikuwa nimekwisha sifia mbele ya basi zima. Nikameza. Yule mama akafurahi, akaniongeza.

Beitbridge, mpakani mwa Afrika Kusini, tulikaa juani tangu asubuhi mpaka alasiri. Hapo sisemi zaidi. Kabla ya kuuona Mto Limpopo nilidhani ni mkubwa kama wanavyousema redioni. Ulikuwa mchanga mtupu na mbuzi wanapita.

Malvern

Tulifika Park Station, stesheni kuu ya Johannesburg, saa tano asubuhi, na baridi ambayo sikuwahi kuambiwa. Dezire akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda zake Yeoville. Nikasimama peke yangu na begi, namngoja Tatu, maana nilimpigia simu tukiwa Beitbridge. Watu walipita wengi kuliko siku ya mnada, na hakuna hata mmoja aliyejua jina langu. Nilitengeneza uso wangu ili usionekane umepotea.

Halafu nikamwona mwanamke mwenye mvi pembeni ya kichwa, amevaa ovaroli ya bluu. Nilimpita. Alinishika mkono kwa nyuma.

"Shikamoo, Baba," akasema kwa sauti ya chini, haraka, kama anayemwibia mtu salamu.

"Marahaba, Tatu! Mwanangu! Hujambo?"

"Twende, Baba. Tutaongea nyumbani."

Njia nzima hakusema neno. Nikiuliza, ananibana kiwiko. Nikadhani ana hasira na mimi bado. Ilinichoma, lakini nikasema ana haki.

Malvern ni mtaa wa mashariki, unaofuata barabara moja ndefu, Jules Street, maduka madogo pande zote. Tatu amepanga vyumba viwili vya uani nyuma ya nyumba ya mtu. Tulipoingia getini kijana wa duka la jirani akapunga mkono kusalimu: "Sharp, Sis Joyce!"

"Joyce ni nani?" nikauliza.

"Jina la kazini, Baba."

"Mimi nilikuita Tatu."

"Najua uliniita nani. Ingia, kuna baridi."

Alinipikia ugali wao, pap, na utumbo wa ng'ombe, na achari kali ya embe. Nikala mpaka nikalegea. Mjukuu wangu Nomsa akarudi kutoka chuoni. Ana miaka ishirini, mrefu mpaka anainama mlangoni, anacheza mpira wa kikapu katika timu ya chuo. Kiswahili anakisikia, kukisema ndiyo shughuli. Akapiga goti nusu. "Shi-ka-moo, Mkhulu." Mkhulu ndiyo babu kwa Kizulu. "Mimi cheza Jumamosi. Wewe kuja?"

"Nakuja," nikasema. Halafu nikamgeukia mama yake. "Na wewe kazini ni nani? Mwalimu?"

"Nafanya usafi, Baba. Napiga deki ukumbi wa michezo wa chuo chao. Mfanyakazi wa chuo, mtoto wake anapunguziwa ada."

Nilitaka kusema mengi. Mtoto wa Mloka, mwenye karakana yenye mafundi saba, anapiga deki? Nilisema moja tu: "Tatu, nimekuja kwa jambo."

"Najua umekuja kwa jambo. Mchezo wa Jumamosi upite kwanza."

Basi nikangoja. Saa kumi na mbili asubuhi wanaondoka wote wawili, mimi nabaki na hita ya umeme na mlango unaotazama ukuta. Siku ya kwanza nilifagia. Siku ya pili nilikaza bawaba zote. Siku ya tatu nikatoka kwenda Jules Street, nikaingia duka la samani, nikaminya kitanda kwa kidole kikabonyea. Ni vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, nawaambia, na wanakiuza bila aibu. Nilitafuta wa kumwambia. Nilinunua andazi lao, linaitwa magwinya, halina sukari wala iliki, nikalila nimesimama kwenye taa za barabarani, ambazo wao wanaziita robot. Nikawasalimu watu, "Habari za leo!" kwa sauti yangu hii. Mmoja aliitikia kwa kichwa. Wengine walinitazama kama natapika. Nilirudi uani mapema.

Ukumbini

Jumamosi mchana Nomsa alikuwa amenitafutia kiti mstari wa mbele kabisa, nyuma ya goli, yaani nyuma ya kikapu. Tatu alikuwa zamu. Alisimama mlangoni na ndoo na fimbo ya deki, kwa sababu mchezaji akianguka jasho lazima lipanguswe. Pembeni yake alikuwa mwanamke mwingine wa ovaroli ya bluu, Thandi, ambaye wamefanya kazi pamoja miaka minane. Nilimpungia Tatu. Alinipungia kwa vidole viwili.

Sasa niwaeleze wale wanafunzi, maana sijaona watu kama wale. Mchezo unachezwa chini, lakini wenye kutoka jasho ni wao. Wamejipaka rangi ya njano usoni. Wanapiga ndoo za plastiki. Viti vipo lakini hakuna anayekaa, mwanzo mpaka mwisho wamesimama. Wanaimba, wanayumba kulia, wanayumba kushoto, na mbele yao yupo msichana mwenye kipaza sauti cha mkononi, akiinua mkono wanapaa, akishusha wanazima. Mimi nilikaa. Niliweka mikono juu ya magoti nikatazama mjukuu wangu anavyoruka, na nasema kweli, nilijisikia mkubwa.

Mchezaji mmoja wa wageni akapewa mtupo wa adhabu, kwenye kikapu hicho hicho cha upande wangu. Ukumbi ukanyamaza. Akatupa. Mpira ukagonga chuma ukarudi.

Hapo yule msichana akainua mkono, na wale watoto wote wakapiga: pa-pa-pa, pa-pa-pa, pa-pa-pa-pa-pa! Wakasugua viganja, wakavuta mikono nyuma, wakarusha kwa pamoja, fyuu, kuelekea kule kwangu.

Ndugu zangu, yale yalikuwa makofi ya kilo! Yale yale ya shuleni kwetu, ya mikutanoni, tunayompigia mgeni tukamrushia naye akayapokea. Mwili ulisisimka. Nikajua Nomsa amewaambia babu yake amefika. Nikasimama. Nikavuta koti, nikanyoosha mikono yote miwili, nikayadaka hewani, nikayaweka kifuani, nikainamisha kichwa kushukuru, vile anavyofanya mkuu wa mkoa.

Kicheko kilichotokea sijakisikia tangu nizaliwe. Hata wachezaji walicheka. Kumbe yule mtoto mgeni aliyekosa ndiye aliyerushiwa, na kwao ni kejeli. Anayekosa anapigiwa makofi kama kafanya la maana.

Yule msichana wa kipaza sauti alinijia mbio, anafuta machozi ya kucheka. Alikuwa Mkongo, wa Lubumbashi, anaitwa Clarisse.

"Baba, juu ya nini unasimama? Banakucheka."

"Nimepokea. Makofi ya kilo yakirushwa yanapokewa! Nani amewafundisha ninyi kurusha bila kupokea?"

"Kumbe iko ya kwenu?"

"Ya kwetu, ndiyo. Tanzania nzima wanapiga. Hapa imefikaje?"

Clarisse akawageukia wenzake akawatafsiria. Kumbe nimechokoza nyuki. Mpiga ndoo mmoja akasema hapana, hiyo ilitoka kwa wachimba migodi, babu zake walikuwa wakipiga viganja kwenye mabuti ya mpira. Kijana mwenye miwani akasema ni kocha wa zamani, mzungu, alikuwa akihesabu pasi kwa makofi. Mwingine akasema imetoka kanisani kwao, na yeye mwenyewe shangazi yake anaimba kwaya pale. Wakaanza kubishana, kila mmoja ana hakika, na mchezo unaendelea huku nyuma. Wote hao, niliwauliza kupitia kwa Clarisse, waliikuta au waliianzisha? Wote waliikuta.

Nikafikiri, Mtanzania mwingine humu ni nani? Nikatazama mlangoni. Tatu alikuwa ameshika ile fimbo kwa mikono miwili, ananitazama, anatikisa kichwa polepole. Hapana, hapana. Niliona, ndugu zangu. Siwezi kusema sikuona. Lakini moyo ulikuwa umenifura. Siku sita nilikuwa si mtu katika mji ule, na sasa watoto mia wananisikiliza.

"Yule pale!" nikasema, nikanyoosha mkono. "Yule ndiye amewaletea. Binti yangu, Tatu. Mtanzania, mzaliwa wa Morogoro!"

Clarisse akapiga kelele ya furaha. "Sis Joyce? Kumbe ni wa kule! Acha niambie bote." Akaweka kipaza sauti mdomoni akatangaza kwa Kiingereza, nami nikasikia humo Tanzania, na Sis Joyce. Ukumbi mzima ukageuka. Mkono ukapanda. Pa-pa-pa, pa-pa-pa, pa-pa-pa-pa-pa. Safari hii hakuna aliyecheka. Walimrushia kwa heshima, wageni na wenyeji.

Tatu hakupokea. Aliiegemeza fimbo ukutani, akafungua mlango, akatoka. Thandi alibaki pale na ndoo, anatazama ule mlango.

Dakika chache baadaye mtupo wa adhabu ukawa wa Nomsa. Alikuwa ameona kila kitu kutoka uwanjani. Akatupa, akakosa, na hakuna aliyejua afanye nini.

Jumapili na Jumatatu

Tatu alinieleza Jumapili, tukiwa tunachambua mchicha. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Kazini wanajua mimi ni wa Limpopo, mkoa wao wa kaskazini, Baba. Lafudhi yangu wanadhani ni ya huko. Sipho ndiye aliyenishauri, na yeye alikuwa wa hapa hapa. Mwaka ule maduka yalipovunjwa huu mtaa wetu, walipita getini wakauliza nani mgeni humu. Kijana wa duka akasema hakuna. Alisema hakuna kwa sababu hajui."

"Karatasi unazo. Umeolewa."

"Watu wenye marungu hawaombi karatasi."

Nikauliza habari ya makofi. Akachambua kwanza majani matatu, manne.

"Mwaka wa kwanza wa kazi. Timu ilikuwa inafungwa na mtu haji kutazama. Siku hiyo ukumbini alikuwepo mwamuzi, wachezaji, na mimi na ndoo nangoja wamalize nipige deki. Msichana mmoja akakosa mtupo wa mwisho. Wenzake wakaondoka, yeye akakaa chini katikati ya uwanja. Nami siku hiyo nilikuwa vibaya, Baba. Nilikuwa sijaongea na mtu lugha yangu mwezi mzima. Sijui. Nikampigia ya kilo. Peke yangu. Nikamrushia."

"Akafanyaje?"

"Akacheka. Mchezo uliofuata alikuja na marafiki zake watatu wakawa wanapiga. Mwaka uliofuata wakawa mstari mzima. Halafu wakaigeuza, wakaanza kuwapigia wageni kwa kejeli. Sikuwakataza. Ningesema mimi ni nani? Miaka minane naisikia, naendelea kupangusa sakafu. Hata Nomsa hajui. Alikuja chuoni akaikuta, akaja kunifundisha mimi hapa jikoni."

Hapo ndipo tulipocheka, sote wawili, mara moja. Halafu akasema, "Baba, nilikutikisia kichwa."

"Nilikuona."

"Basi."

Jumatatu alikwenda kazini. Alirudi akavua viatu, akakaa kitandani na ovaroli yake. Msimamizi hakusema kitu. Wanafunzi wanampungia mikono zaidi ya zamani. Lakini Thandi, mwenzake, saa ya chai alibeba kikombe chake akaenda kukaa nje na watu wa bustani. Alimwambia neno moja tu kwa Kizulu, nikamwomba anitafsirie. "Amesema: miaka minane, na ulinidanganya hata kijiji cha mama yako."

Sasa nitawaambia jambo ambalo ningeweza kulificha. Niliposikia hivyo, nilifurahi. Nilikaa pale mbele ya mwanangu aliyechoka, nikafurahi, kwa sababu nilijua hana tena cha kumshika. Nikavuta kiti.

"Turudi nyumbani, Tatu. Hilo ndilo lililonileta. Vyumba sita vipo."

"Vyumba sita na nani?"

"Na mimi."

"Nitafanya nini humo?"

"Utakaa."

"Nitakupikia, Baba. Sema."

Ndivyo nilivyokuwa nimefikiri njia nzima.

"Sipho nimemzika hapa," akasema. "Nomsa anamaliza chuo mwakani. Ule ukumbi naujua, mlango upi unakwama na bomba lipi linavuja. Wakinifukuza, watanifukuza wao. Sitaondoka kwa sababu wewe umenitangaza."

"Mimi niko peke yangu, Tatu." Ndugu zangu, neno hilo sijawahi kulisema kwa mtu. Hata msibani kwa mke wangu mlinisikia nikisema niko sawa, leteni viti.

Akavisogeza viatu vyake chini ya kitanda. "Najua, Baba. Na mimi miaka kumi ya kwanza hapa nilikuwa peke yangu, hata Sipho akiwepo. Nilikupigia simu nikakuambia. Unakumbuka ulijibu nini?"

Nakumbuka. Nilimwambia ulijitakia.

Nikamwomba radhi. Kwa ile ya simu na kwa ile ya ukumbini. Nilikuwa natazama hita, siyo yeye, lakini niliomba. Hakusema amenisamehe. Usiku tukiwa tunakula, alichukua sahani yangu akaniongeza mboga.

Park Station

Njia ya kurudi sitaisimulia. Ni ile ile ukiisoma kutoka chini kwenda juu, ila safari hii basi halikufa, na kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu mpaka Harare.

Niliondoka Alhamisi asubuhi. Nomsa aliniaga nyumbani, ana mtihani, akanikumbatia mpaka kofia ikaanguka. "Babu, mimi kuja Morogoro," akasema. Nikamwambia njoo.

Stesheni nilikuwa na Tatu, na nikashangaa kuona mwanamke anatukimbilia amebeba mfuko. Thandi. Nikamtazama binti yangu.

"Jana alikuja mwenyewe saa ya chai," Tatu akasema. "Akakaa. Akaniuliza, huko Morogoro kuna baridi?"

Thandi akanikabidhi mfuko, magwinya ya moto na kuku, akasema maneno mengi ya Kizulu huku ananinyooshea kidole.

"Anasema bado ana hasira," Tatu akatafsiri. "Na mimi, na wewe pia. Anasema ulimpigia mtu kelele ukumbini kama unauza mbuzi."

"Mwambie ni kweli."

Akamwambia. Thandi akacheka, akajipiga paja. "Eish, Baba!" Halafu akamwambia binti yangu jambo lingine, sikuelewa neno hata moja isipokuwa jina, maana alimwita Tatu. Alilitamka vibaya. Wakaanza kuongea wao wawili, haraka haraka, juu ya funguo fulani za stoo, nani anazo, nani alizipoteza. Mimi nilisimama na mfuko wa moto mkononi. Mgeni ndivyo anavyosimama.

"Ingia, Baba, utakosa kiti cha dirishani."

Nikampa mkono, akaubusu kama zamani. Nikaingia. Kiti cha dirishani nilikipata. Nikafuta ukungu wa kioo kwa kiganja nikawatafuta, na nikawaona migongo, ovaroli mbili za bluu, zinapanda ngazi. Basi lilikuwa halijawashwa hata injini. Hawakungoja liondoke. Zamu yao siku hiyo ilikuwa inaanza saa nne, na kutoka pale hadi kazini ni mbali.